Dhiraa Arobaini

Mjomba wangu alinifundisha kuzamia kwa kubana pumzi. Hiyo ilikuwa Tanga. Alikuwa na miwani moja ya kuzamia, chuma chenye ncha cha kumchokolea pweza kwenye mwamba, na kifua chake. Anavuta hewa mara tatu, ya nne anaihifadhi, anashuka. Mimi nabaki juu nimeshika ngalawa, nahesabu. Nilipofika umri wa miaka arobaini na moja, mwalimu mmoja huku Texas akanifundisha kinyume chake: ukiwa na mtungi mgongoni usibane pumzi hata mara moja, kwa sababu hewa iliyoshindiliwa hutanuka unapopanda na inaweza kukupasua mapafu. Vuta, toa. Vuta, toa. Nilihangaika wiki nzima kuacha kile alichonipa mjomba.

Somo la pili lilikuwa jepesi kulielewa, lakini ndilo lililonikaa moyoni. Kila mzamiaji huwa na vipumulio viwili vinavyotoka kwenye mtungi mmoja. Kimoja anakiuma yeye. Cha pili, mara nyingi cha rangi ya manjano na chenye mpira mrefu zaidi, kinaning'inia kifuani, na hicho si chake. Ni cha mtu ambaye hewa imemwishia. Wazamiaji wa huku wanakiita pweza, na nilipolisikia jina hilo nilimkumbuka mjomba nikatabasamu. Mtu akikujia chini ya maji akapitisha kiganja shingoni kama anayejichinja, maana yake hewa imekwisha, na wewe unampa pweza. Humuulizi kwa nini hakuangalia geji yake. Humkumbushi kwamba mtungi wake na wako ilijazwa sawasawa asubuhi.

Mimi ni dereva wa lori la maji katika machimbo ya mafuta ya Odessa. Lori langu linabeba mapipa mia moja na thelathini, yaani lita kama elfu ishirini. Siku nyingine nabeba maji safi kwenda visimani yakapasue miamba. Siku nyingine nabeba maji machafu ya chumvi yanayotoka humo na kwenda kuyamwaga kwenye visima vya kutupia. Kisima kimoja cha mafuta kinaweza kutumia makumi ya mamilioni ya lita. Ndiyo riziki yangu, na inawalisha watu huku na nyumbani. Nalisema mapema ili msomaji ajue anayezungumza hapa amekaa upande gani wa pampu.

Siku za mapumziko, mimi na mwenzangu mmoja, Mkongo wa Uvira aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, tunaendesha karibu saa mbili kuelekea kusini-magharibi hadi Balmorhea. Njia nzima ni jangwa la Chihuahua: vichaka vya miiba, vumbi, upepo, mitambo ya mafuta inayoinama na kuinuka. Halafu milima ya Davis inajitokeza, na chini yake miti mirefu imesimama mahali ambapo hakuna sababu ya mti kuwapo. Hapo ndipo ilipo chemchemi ya San Solomon. Waapache wa Mescalero walinywa na kunywesha wanyama wao hapo, wakulima wa Kimeksiko wakaja kuchimba mifereji, na miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, vijana wa kikosi cha kazi cha serikali walioitwa Civilian Conservation Corps wakaizungushia chemchemi hiyo kuta za bwawa. Kina chake hufika mita saba na zaidi kidogo. Hakuna dawa ndani yake, wala haihitajiki, kwa sababu zaidi ya lita milioni hamsini hutoka ardhini kila siku, zikapita bwawani na kuendelea mferejini kwenda mashambani. Nilipiga hesabu ya dereva: hayo ni malori yangu zaidi ya elfu mbili na mia tano, kila siku ya Mungu, pasipo injini hata moja kuwashwa.

Mara ya kwanza tulipoteremka, nilikwenda moja kwa moja hadi chini kabisa, mahali panapotokea maji. Mchanga pale unachemka. Ni mweupe, laini kama unga uliochekechwa, unanyanyuka, unatuama, unanyanyuka tena, na hakuna sauti ila ya pumzi yako mwenyewe. Nilitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. Nilihisi maji yakinisukuma kiganja, polepole na bila kukoma, kama ndama anavyokusukuma kwa pua akitaka maziwa. Maji yale yana ubaridi ule ule kiangazi na baridi, nyuzi ishirini na mbili hadi ishirini na nne. Wataalamu waliopima wanasema sehemu kubwa ni mvua iliyonyesha zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita, ikasafiri ndani ya miamba ya chokaa hadi ikafika hapa. Nilikuwa nimeshika mvua iliyonyesha kabla ya Nabii Ibrahimu.

Karibu na mkono wangu alikuwapo samaki mmoja mdogo, hana urefu wa kidole, madoadoa ya kahawia kwenye ubavu wa rangi ya fedha. Wanawaita papfishi. Dume hujitengea kipande cha ardhi, pengine si kikubwa kuliko sinia, na mwingine akikaribia humfukuza. Huyu alinifukuza na mimi. Aliusogelea mkono wangu, akarudi, akausogelea tena. Nilimtazama kwa muda mrefu, kisha nikauondoa mkono.

Jina lake kamili ni papfishi wa Chemchemi za Comanche, na Chemchemi za Comanche haziko hapa. Ziko Fort Stockton, kama kilomita themanini mashariki. Zilikuwa miongoni mwa chemchemi kubwa za Texas, na wakulima wengi walimwagilia kutokana nazo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wenye ardhi ya upande wa juu walichimba visima na kufunga pampu, chemchemi zikaanza kunywea. Wakulima wa chini wakaenda mahakamani. Mwaka 1954 mahakama ya rufaa ikawaambia hawana dai: maji yakiwa bado chini ya ardhi ni ya mwenye ardhi anayeyavuta, na wao haki yao inaanza pale yanapochomoza juu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 hakuna kilichokuwa kinachomoza. Samaki wa pale wakaisha, wakabaki hawa wa upande wa Balmorhea, wanaobeba jina la kwao palipokauka. Miaka ya karibuni, majira ya baridi pampu zinapopumzika, maji huchuruzika tena Fort Stockton kwa muda, kisha kilimo kikianza yanarudi chini.

Sheria iliyowaangusha wakulima wale ni ya mwaka 1904. Kampuni ya reli ilichimba kisima kikubwa katika mji wa Denison kwa ajili ya injini zake za mvuke, na kisima cha nyumbani kwa jirani kikakauka. Mahakama ya Juu ya Texas ikasema jirani hana la kudai. Mojawapo ya sababu za mahakama imenisumbua tangu niliposoma habari zake: kwamba mwendo wa maji chini ya ardhi ni jambo la siri, lililofichika, lisiloweza kujulikana, basi haiwezekani kuliwekea kanuni.

Mimi nimelelewa na watu wanaoamini ghaibu. Katika lugha yetu neno hilo linamfanya mtu apunguze sauti. Kisichoonekana kina mwenyewe, na wewe usiyekiona unapaswa kukiendea kwa adabu, kama anayeingia gizani kwenye chumba chenye watu waliolala. Hapa ghaibu ile ile imechukuliwa ikawa ruhusa: kwa kuwa hatuoni maji yanakotoka wala anayeyategemea, kila mtu na avute awezavyo. Siwalaumu majaji wa wakati ule kwa kutojua jiolojia. Hakuna aliyeijua vizuri. Nauliza tu kutojua kunamwelekeza mtu wapi. Mtu asiyejua nani amelala gizani, anatembea vipi?

Mwenzangu wa Uvira ni Mkristo, na njiani tunaongea mengi. Siku moja aliniambia: "Ndugu yangu, hii mambo ya visima ni ya tangu zamani. Isaka alichimba, wachungaji wa Gerari wakagombana naye. Akachimba ingine, wakagombana. Ya tatu ndiyo wakamwacha." Nikamjibu kwamba na sisi tuna ngamia wa Nabii Swaleh. Hakuwa anaijua habari ile, nikamsimulia kutoka mji wa Pecos hadi tukaona milima.

Watu wa Thamudi walichonga nyumba ndani ya majabali ya jangwani. Mwenyezi Mungu aliwatumia Nabii Swaleh, na ishara yake ikawa ngamia jike. Sharti lilikuwa moja kuhusu maji: siku moja ni ya ngamia kunywa, siku moja ni yao. Walikuwa mji mzima, wenye nguvu na majumba, na mnyama mmoja akawekewa zamu sawa na yao. Hawakuvumilia. Wakamchinja, na wao wakaangamia. Madrasani tuliisoma kama habari ya ukaidi, na ndivyo ilivyo. Lakini nikiwa nimeshika usukani wa lori la maji nimeanza kuiona pia kama habari ya mgawo. Mungu angeweza kuwajaribu kwa kitu chochote. Aliwajaribu kwa foleni ya kisimani.

Nikamwambia mwenzangu kwamba jambo linalokaribia hilo limetokea nchi hii hii. Nevada, ndani ya eneo la hifadhi ya Death Valley, kuna ufa kwenye mwamba unaoitwa Devils Hole. Maji yake ni ya vuguvugu, nyuzi kama thelathini na tatu, kina chake kinapita mita mia moja na thelathini, na ndani yake wanaishi papfishi wa aina isiyopatikana kiasili mahali pengine popote. Hutaga kwenye ubao mmoja wa mwamba ulio karibu na uso wa maji. Miaka ya 1960 mwishoni, shamba moja kubwa la jirani lilianza kuvuta maji ya ardhini, uso wa maji ukashuka, mwamba ukaanza kuachwa mkavu. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, ilithibitisha kwamba uvutaji lazima uwekewe kikomo ili maji yabaki yakiufunika mwamba wa samaki. Samaki wale walipata siku yao ya kunywa. Watu wengine wamekasirikia hukumu hiyo hadi leo, na naielewa hasira yao. Ni vigumu kumwambia mwenye watoto kwamba pampu yake izimwe kwa ajili ya kiumbe cha gramu moja. Lakini Thamudi nao walikuwa na watoto.

Siku hiyo hiyo, chini ya maji, kukatokea jambo. Mwenzangu hupumua kwa haraka, na alikuwa amekaa chini sana akiwapiga picha kasa. Nilimwona anakuja, macho yamejaa miwani yote, kiganja shingoni. Kwenye mita saba mtu angeweza kupanda tu mwenyewe taratibu, lakini kifua kikishashtuka hakihesabu mita. Nikampa pweza. Akakiuma, nikasikia anavuta, na tukashikana mikanda ya mabega uso kwa uso kama tulivyofundishwa. Ndipo nilipojikuta natazama geji yangu. Sindano ilikuwa inashuka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, maana vifua viwili vilikuwa vinakula mtungi mmoja, na cha mwenzangu kilikuwa kinakula zaidi. Kwa muda wa pumzi tatu, labda nne, nilimwonea uchoyo. Niliwaza: hii ni yangu. Niliijaza mimi, nililipia mimi, mimi nimepumua kwa adabu. Tulikuwa na akiba ya kutosha kupanda na kushuka mara tano. Hakukuwa na hatari yoyote kwangu. Na bado wazo lile lilikuja, safi kabisa, na kila neno lake lilikuwa kweli.

Tulipanda, tukakaa ukingoni na miguu majini, na samaki wakawa wanatudonoa vidole. Akaniambia, "Aksanti, kaka." Sikuweza kumjibu vizuri. Adhuhuri ilikuwa imeingia. Nikachukua chupa ndogo nikashika udhu, maana tumefundishwa tusifuje maji hata tukiwa kando ya mto unaotiririka, na nikasali chini ya mti kando ya mfereji. Sikuwa na utulivu katika sala ile. Nilichokuwa nakiona ni uwanja wa nyumba yetu Tanga.

Bibi yangu alikuwa na kisima kifupi cha kuteka kwa ndoo, na jirani yetu, mama mmoja mjane, alikuwa na chake. Vyote vilikuwa na maji matamu. Baba alipoona wenye mikokoteni wanahangaika kutafuta maji ya kuuza kwa madumu, alikopa fedha akachimba kisima kirefu, akafunga pampu, akajenga tangi. Biashara ilikubali. Mikokoteni ilipanga foleni tangu alfajiri. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye pampu ile, na nauli yangu ya kwanza ya ndege pia. Mwaka wa pili au wa tatu kisima cha mama jirani kikaingia chumvi. Ndivyo ilivyo pwani: maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya ardhi, na ukivuta sana ya juu, ya chini yanapanda. Yule mama alikuja siku moja na kikombe cha chai akamwomba mama yangu aionje. Mama akaionja, akasema pole. Baba alisema ametoboa ndani ya mipaka ya hati yake. Ni kweli, na hakuna mtu wa mtaa aliyembishia. Tangu siku hiyo mama jirani akawa anapanga foleni na wenye mikokoteni, ananunua. Hakuna aliyemwambia asilipe. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na kazi yangu ya jioni ilikuwa kupokea hela.

Wanazuoni wa Kiislamu wanayo haki moja waliyoipa jina zuri sana: haki ya mdomo. Mwenye kisima ana milki yake, anaweza kumzuilia mwingine maji ya shamba, lakini mwenye kiu, awe mtu au mnyama, mdomo wake una haki kwenye maji yale kabla mwenyewe hajasema ndiyo wala hapana. Pia wameweka kitu kinachoitwa harimu, yaani ardhi ya heshima kuzunguka kisima, ambamo mwingine asije akachimba cha kwake akakidhuru cha kwanza. Kiasi kinachotajwa sana ni dhiraa arobaini, kama mita kumi na nane hivi. Nilivisoma vitabu nikitafuta kujua kama fedha iliyonisomesha ilikuwa na doa. Nilikuta kwamba harimu inahusu hasa ardhi isiyo na mwenyewe; ndani ya mji, ambako viwanja vimegusana na kila mtu ana hati, wamehitilafiana. Wapo wanaosema mtu yuko huru katika milki yake. Wapo wanaosema hapana, kwa kuwa dini imekataza mtu kudhuru wenzake.

Kwa hiyo marehemu baba ana kitabu cha kumtetea. Nilitumaini kwamba kukipata kungenituliza. Hakukunituliza, kwa sababu hata mimi kule chini, na sindano mbele ya macho, nilikuwa na hoja nzuri.

Nikampigia simu mwalimu wangu wa madrasa, ambaye sasa ni mzee sana na husikia kwa sikio moja. Nikamweleza yote: baba, pampu, hitilafu ya wanazuoni, Texas, samaki. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Yule mama yu hai?"

Sikujua. Miaka kumi na tisa huku, kila mwezi natuma fedha mtaa ule ule, na sikujua.

Alikuwa amefariki. Nilimpata binti yake, ambaye ananizidi miaka sita na ndiye anayeishi kwenye nyumba ile na wanawe. Nikamwambia, "Shikamoo dada," kisha maneno niliyoyapanga yote yakanitoka kichwani. Nikasema tu kwamba nataka kuvuta bomba kutoka kwenye tangi letu hadi kwao, bila malipo, na kwamba jambo hili lilipaswa kufanyika zamani. Alinyamaza kwa muda. Akasema, "Mama alikuwa hanywi chai ya maji ya kununua. Alisema si yake." Kisha akasema sawa, fundi aje, ila bomba lipitie ilipokuwa ndoo, kwenye mdomo wa kisima cha zamani, kwa sababu wanawe wamezoea kuoshea vyombo pale.

Kaka yangu alikwenda na fundi siku ya Jumamosi. Walinyoosha kamba kutoka kwenye pampu yetu hadi pale ili wajue wanunue paipu kiasi gani, na jioni akanitumia ujumbe wa hesabu: koki moja, viungo vinne, gundi, ufundi, na paipu ya mita kumi na nne.